Kifaransa cha Jikoni

Earline Strickland alifua nguo za mataifa kumi na moja kwa miaka ishirini na minne, na hakuwahi kutia mguu katika taifa hata moja kati ya hayo. Alikuwa dobi wa Bustani ya Mataifa, hapa Florida, ile bustani ya burudani ambamo kila nchi ina mtaa wake wa mbao na plasta, mkahawa wake na wacheza ngoma wake. Zamu ikiisha, Wajapani na Wajerumani na Wamoroko wote walivua sare zao zilizolowa jasho, na sare zote ziliishia kwa Earline. Ukimpelekea koti lililokosa kifungo, jiandae.

"Kifungo kimekwenda wapi? Umekila?"

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto, na maneno yake machache yote yalikuwa na ncha. Saa nne asubuhi alikuja mlango wa nyuma wa jikoni kwetu kunywa kahawa. Alikuwa na mfuko wake wa karanga za kuchemsha, tunakaa juu ya kreti za maziwa, yeye anamenya, mimi natukana mameneja. Mimi ndiye Velma Guidroz, mpika supu ya vitunguu wa Chez Odile, mkahawa wa Kifaransa wa hapo bustanini. Nimekatakata vitunguu vya kutosha kujaza ziwa, na sitaki pongezi.

Lazima ujue jinsi Chez Odile ilivyokuwa, la sivyo hutaelewa ujinga wangu. Mbele, kwa wageni, wahudumu wote walikuwa vijana kutoka Ufaransa kwenyewe, wenye kibali cha mwaka mmoja, na kila mmoja alibandika kifuani jina lake na mji aliotoka. Bastien, Tours. Ilikuwa sheria: mgeni amelipia Ufaransa, aletewe Mfaransa. Nyuma ya mlango wa jikoni Ufaransa iliishia hapo hapo. Huku tulikuwa Wahaiti wawili, Mpuertoriko mmoja, mzee mmoja wa Alabama aliyeungua kila kidole, na mimi, mtoto wa vinamasi vya kusini mwa Louisiana, ambako mababu zetu walizungumza Kifaransa kabla bustani hii haijawa hata shamba la michungwa.

Siku ya kuajiriwa meneja aliliangalia jina langu akafurahi. "Guidroz! Basi unazungumza Kifaransa?"

Nikamwambia hapana. Na siyo kwamba sikuwa nacho kabisa. Nilikuwa nacho kidogo, kile nilicholishwa na bibi yangu pamoja na wali na kamba. Lakini wiki yangu ya kwanza nilijisahau, nikamwambia binti mmoja mhudumu kwa Kifaransa cha kwetu anisogezee kamba wale. Kumbe neno letu la kamba, kwao ni mbuzi mdogo. Yule binti alicheka mpaka akashika meza. Akawaita wenzake: "Njooni, njooni mumsikie! Sema tena, mama, sema tena!" Nilisema tena, mjinga mimi, nikidhani tunacheka pamoja. Nilipogundua kwamba nachekwa, nilikifunga Kifaransa changu nikatupa ufunguo.

Basi. Turudi kwa Earline.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, wanakaa Mobile, kule Alabama, alipopata mimba ya fundi mmoja wa magari aliyekuwa anapita tu. Baba yake, Roy Strickland, hakupiga kelele. Alilitoa sanduku la Earline akaliweka kibarazani, akafungua mlango wa wavu, akangoja. Mama yake, Bi Odalie, alisimama nyuma ya mume wake na kitambaa cha vyombo mkononi. Earline aliniambia mara nyingi juu ya dakika ile, na kila mara aliisimulia vilevile: mama alifungua mdomo. Alitaka kusema kitu. Roy akageuka akamtazama, na mama akaufunga mdomo wake. Earline akashuka ngazi na sanduku lake. Yule mtoto alizaliwa, akaishi siku tatu.

Roy alipokufa, miaka mingi baadaye, Earline alikwenda Mobile akamchukua mama yake, akaja naye Florida. Wakaishi nyumba moja miaka kumi na minne. Walipika pamoja, walitazama televisheni pamoja, walinuniana juu ya kiyoyozi kama watu wote, na siku ile ya kibarazani haikutajwa hata mara moja.

"Kwa nini humuulizi?" nilimwambia.

"Kila nikitaka kumuuliza, ananiuliza kama nimekula."

Hilo ndilo lililomla Earline maisha yake yote. Hakuolewa. Hakuwa na marafiki ila mimi, na mimi mwenyewe ni mtu mgumu kuvumilika. Alitaka kujua kitu kimoja tu hapa duniani: mama yake alikuwa anataka kusema nini pale mlangoni? Abaki? Aende zake? Amlaani? Miaka arobaini na miwili alikuwa anakigeuzageuza kile kinywa kilichofunguka kikafungwa.

Halafu Bi Odalie akaanza kusahau. Kwanza miwani, halafu jiko, halafu njia ya kurudi kutoka kwenye sanduku la barua. Alipotimiza miaka themanini na moja Earline ikabidi ampeleke kwenye makao ya wazee, akawa anakwenda kumwona kila Jumapili saa nane mchana bila kukosa. Na huko makaoni Kiingereza chake kikaanza kuporomoka neno baada ya neno, mpaka siku moja nesi wake, Maribel, akampigia Earline simu.

"Dada Earline, samahani, mama yako anazungumza lugha gani? Kihispania siyo, Kihispania ni changu."

Earline alikuja jikoni asubuhi ile bila karanga. Nilijua kuna jambo.

"Velma, mama yangu ana lugha nyingine."

"Lugha gani?"

"Sijui! Ningejua ningekuuliza? Miaka sitini na moja namjua yule mwanamke. Najua tu kwamba kwao waliitwa Naquin."

Nikaangusha kisu. "Naquin? Earline, Naquin ni watu wa kwetu! Mama yako ni mtoto wa vinamasi kama mimi. Hicho ni Kifaransa."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia mama yake aliwahi kuua mtu. Nikamweleza: wengi wa umri ule walikuwa hivyo. Mtu akishaolewa na Mwamerika wa Kiingereza akahama, analiacha lile jina na ile lugha, na watoto hata hawaambiwi. Kwetu kuzungumza Kifaransa kulikuwa ni alama ya ushamba na umaskini, na Bi Odalie aliiosha alama hiyo ikatoka.

Earline aliketi juu ya kreti. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na Earline hakuwa mtu wa sauti ya chini:

"Analia, Velma. Anasema maneno yaleyale kila Jumapili, amenishika mkono, ananikazia macho. Ni ile siku ya kibarazani, nina hakika. Hatimaye anasema. Anasema na mimi sisikii kitu! Njoo Jumapili umsikilize. Wewe ni mtu wa kwao."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema sawa. Nilikuwa na Jumapili, nilikuwa na gari, nilikuwa na masikio mawili mazima. Lakini yule binti aliyeshika meza kwa kicheko alikuwa bado yumo kichwani mwangu.

"Mimi? Changu ni Kifaransa cha jikoni, shoga. Cha kuitia kuku na kutukania mbwa. Nitakupotosha tu. Mlete hapa, mbele kule wapo wenye Kifaransa chao, kile safi, waliosoma. Nitakupangia mwenyewe."

"Lakini wewe ni..."

"Earline! Jambo kubwa kama hili unataka kulitegemea kwa mkata vitunguu?"

Akakubali. Alinikubalia kwa sababu aliniamini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wafanyakazi tulikuwa na haki ya meza moja kwa mwaka kwa nusu bei, tena uiombe siku sitini kabla. Nikaiomba yangu nikampa yeye. Nikamchagulia Bastien wa Tours, kijana mpole, mwenye Kiingereza kizuri, asiyecheka ovyo. Nikamweleza yote: bibi mzee, Kifaransa tu, bintiye anataka kujua anachosema, wewe tafsiri neno kwa neno. Akaweka mkono kifuani. "Velma, itakuwa heshima kwangu."

Wakaja siku ya Jumatano, mwezi wa tisa, chakula cha mchana. Joto la kukaanga mtu. Niliacha supu nikawachungulia kwa kile kioo cha duara cha mlango wa jikoni. Earline alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu kwenye ule mtaa wetu wa Paris, anapita chini ya mnara wa chuma uliofupishwa, katikati ya familia za kaptula zilizoungua jua, na kodiani inalia kutoka kwenye spika iliyofichwa ndani ya chungu cha maua kama kawaida. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Sikuwahi kumwona na rangi ya mdomo. Bi Odalie alikuwa kijibibi kidogo ndani ya gauni la bluu, kichwa kimeinama, hatazami kitu.

Bastien akawakalisha dirishani. Akainama akamsalimia bibi kwa Kifaransa.

Haki ya Mungu, yule bibi aliinua kichwa. Akamtazama Bastien usoni, midomo ikaanza kutetemeka, akamjibu. Mimi huku nyuma ya mlango nikajikuta nashangilia kama mtu aliyeona goli.

"Velma! Supu sita!" akaniita mpishi mkuu.

"Zinakuja, usinipigie kelele!"

Nikampelekea bibi supu niliyoipika kwa mkono wangu, jibini maradufu, mkate umeiva vizuri. Nikarudi kwenye kioo. Bibi alikuwa anakula mwenyewe, anapuliza kijiko, na kati ya kijiko na kijiko anazungumza. Bastien amepiga goti moja chini kando ya kiti, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, anamgeukia Earline anamtafsiria. Earline anacheka. Nilimwona akicheka, meno yote nje. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu nikajisifu. Nilijisifu sana, siwafichi.

Niliporudi kwenye kioo mara ya tatu bibi alikuwa ameacha kijiko. Amemshika Earline mkono, machozi yanatiririka, anasema, anasema. Bastien hatabasamu tena. Earline anamuuliza kitu, Bastien anatikisa kichwa kukataa. Earline anamuuliza tena, amekaza shingo, naijua ile shingo. Bastien akasema kitu kifupi huku anaangalia sakafu. Earline akauondoa mkono wake kwenye ule wa mama yake, akachukua mkoba, akakisukuma kile kiti mpaka nje. Konokono waliokuwa wameagizwa wakaletwa kwenye meza tupu.

Bastien akaingia jikoni masikio mekundu.

"Amesema nini bibi?"

"Amechoka. Ni mzee, anachanganya maneno." Akanyakua trei akatoka.

Kesho yake Earline hakuja kunywa kahawa. Wala keshokutwa. Nikamfuata kule kwenye mashine zake, akanijibu bila kugeuka: "Nina kazi, Velma." Na mimi, badala ya kuuliza, nikaghadhibika. Nimempa meza yangu ya mwaka mzima, nimempikia mama yake, halafu ananinunia? Shauri yake! Nikamnunia na mimi, na ninajua kununa. Tulinuniana miezi saba. Bastien kibali chake kikaisha mwezi wa kwanza, akarudi kwao, na sikumuuliza tena.

Mwezi wa nne niliunguza aproni tatu kwa siku moja, ikabidi nizipeleke mwenyewe kwa dobi. Earline alikuwa amekonda. Alikuwa anapiga pasi suruali za Wajerumani.

"Mama hajambo?" nikauliza, kwa kuwa kimya kilikuwa kinaniudhi.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Siendi."

"Tangu lini huendi?"

Akaiweka pasi chini. "Tangu aliponiita malaya katikati ya mkahawa wako. Kwa Kifaransa safi, cha watu waliosoma. Umefurahi sasa?"

Nikasimama pale na aproni zangu. "Bi Odalie? Alikuita malaya?"

"Nilimlazimisha kijana anitafsirie. Hakutaka, maskini. Anasema ni neno la zamani lakini maana yake ni hiyo hiyo. Miaka arobaini na miwili, Velma! Nikamwogesha, nikamlisha, nikamlaza. Na kumbe hilo ndilo alilokuwa nalo mdomoni siku zote."

"Neno gani? Lenyewe lilikuwaje?"

"Litakusaidia nini?"

"Earline, nitajie neno!"

Akalitaja. Alikuwa amelikariri, bila shaka alikuwa analala nalo. Catin. Unalitamka kama unasema "kata" halafu mwisho unaumalizia puani. Na mimi nikasikia sauti ya bibi yangu, wazi kabisa, ananiita niingie ndani mvua inakuja.

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Catin ni mdoli," nikamwambia.

"Nini?"

"Mdoli! Mdoli wa mtoto wa kike, wa matambara! Kwao kule ng'ambo labda ni malaya, sijui, lakini kwetu vinamasini ni mdoli. Bibi yangu alinishonea wawili. Na mtoto unayempenda ndivyo unavyomwita. Binti yako. Catin wangu, kipenzi changu, roho yangu. Jamani, Earline, ndilo jina zuri kuliko yote waliyokuwa nayo!"

Hakufurahi. Nilidhani atafurahi, nikawa nimeanza hata kutabasamu. Alinitazama tu, na rangi ikamtoka usoni taratibu.

"Ngoja," akasema. "Kijana alinitafsiria yote. Alisema: 'Malaya wangu yuko wapi? Walimtoa malaya wangu nje, na mimi nikanyamaza. Niliogopa nikanyamaza. Nileteeni malaya wangu.'"

Mashine zilikuwa zinazunguka. Sikuwa na haja ya kumtafsiria upya, alikuwa anayapanga maneno mwenyewe, midomo inacheza. Ndilo jibu alilolingoja tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alipewa mkononi, mezani, na mama yake anamlilia, naye akasukuma kiti akaondoka.

Tulitoka vilevile na sare zetu, bila kumuaga mtu. Earline aliendesha. Njia nzima alisema kitu kimoja tu: "Atakuwa anajua kwamba sikujua. Sivyo? Atajua." Nikasema ndiyo, atajua.

Nesi Maribel alitupokea mlangoni, na sura yake haikuwa ya kutukaribisha.

"Kila Jumapili," akamwambia Earline. "Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alidai avalishwe koti lake la kanisani, akakaa hapa, kwenye hiki kiti, anatazama maegesho. Ukipita naye anakushika, anakuuliza neno moja. Tulidhani ni jina la paka. Tulimwambia paka yuko nyumbani, hajambo. Tulikupigia simu mara ngapi, dada?"

"Nilikuwa siipokei," Earline akasema.

"Alikaa hivyo mpaka baada ya Krismasi. Halafu Jumapili moja hakudai koti. Tangu hapo hajasema kitu, si Kiingereza, si hicho kingine."

Bi Odalie alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Earline akapiga magoti, akaushika ule mkono. "Mama. Ni mimi. Mimi ndiye catin wako. Mama, sikuelewa, walinitafsiria vibaya." Alikuwa anasema kwa Kiingereza, na lile neno moja analipinda vibaya. Basi nikainama na mimi. Nikafungua kile nilichokuwa nimekifunga, chote, na kamba wake na kuku wake na mbwa wake, nikamwambia bibi kwa Kifaransa cha kwetu: yuko hapa, shangazi, catin wako amerudi, yuko ndani, hakuna anayemtoa nje. Nilisema tena na tena. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Macho yake yalikuwa wazi. Yalipita juu yangu, yakapita juu ya Earline, yakarudi ukutani.

Aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Earline hakukosa Jumapili hata moja, na mimi nilikwenda naye. Nilimfundisha kila kitu nilichokuwa nacho. Alijifunza vizuri, alikuwa na sikio zuri kuliko langu. Alikaa kando ya kile kitanda akamsimulia mama yake kwa Kifaransa kibovu habari za suruali na vifungo na hali ya hewa, na kila alipomaliza alingoja kidogo, kama unavyongoja mtu aliyeko chumba cha pili. Hakujibiwa.

Tulimzika mwezi wa sita. Tulikuwa watu wanne, pamoja na Maribel na kasisi. Baada ya mazishi tukakaa garini, Earline ameshika funguo, hawashi.

"Velma. Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Ile siku nilipokuomba uje umsikilize. Kama ungekuja. Ingekuchukua muda gani kuelewa anachosema?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitafuta uongo wa kumpa na sikuupata.

"Dakika mbili," nikasema. "Labda hata mbili zisingefika."

Akaitikia kwa kichwa. Akawasha gari, tukarudi kazini, kwa sababu zamu ya jioni ilikuwa inaanza saa kumi.